Reli ya chini kwenye bunduki ya hewa: maswali yale yale ninayoulizwa kila wiki

Nimechoka kujibu moja moja kwa simu, mtu ananipigia niko kwenye foleni ya feri Likoni hapa Mombasa ananiuliza "Arca na Picatinny ipi kali?" (hizo ni aina mbili za reli) na mimi sisikii hata honi za nyuma. Basi nimeyakusanya hapa. Ya mwanzo ni ya mtu ambaye hajawahi kushika reli, ya mwisho ni ya wale wenye matatizo ya ajabu ajabu. Na tuelewane kabisa, hapa tunazungumzia shabaha za karatasi na za chuma, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hivyo mtu asije akaniuliza reli ya tochi ya kutafutia paa usiku.

MAMBO YA MWANZO

1. Reli ni nini hasa, na kwani nisipoiweka bunduki haipigi?

Inapiga vizuri tu. Reli ni kipande kirefu, mara nyingi cha alumini, kinachofungwa chini ya stoki (ule mwili wa bunduki unaoshikwa, wa mbao au plastiki) upande wa mbele, pale mkono wa kushoto unapobeba bunduki, ili upate pahali pa kushikishia baipodi (ile miguu miwili), tripodi, mkanda, vyuma vya kusawazisha uzito au kishikio cha mkono, bila kutoboa stoki kila ukinunua kitu kipya.

Reli haiongezi nguvu wala haikufundishi kulenga. Kinachosaidia ni vile bunduki imetulia, na reli ndo iko kati ya bunduki na kile kinachoituliza. Hiyo ya kati ikitingika basi mbele na nyuma vyote bure, hata baipodi iwe ya bei ya pikipiki.

2. Bunduki yangu ilikuja na reli ya juu tayari, si ndo hiyo hiyo?

La. Ya juu ni ya darubini. Kwenye bunduki nyingi za hewa, reli ya juu ni mkia wa njiwa wa milimita 11, yaani vijia viwili vilivyochongwa kwenye chuma chenyewe, na nyingine huja na Picatinny. Hii ya chini ni habari mbali, haibebi darubini, inabeba uzito wa bunduki nzima ikisimama kwenye miguu. Ukitaka ya juu nenda swali la 21.

3. Kwa kweli ninaihitaji?

Kama unapiga umesimama tu mita 10 kwenye uwanja wa nyuma, huihitaji, pesa hiyo nunua peleti (risasi ndogo za bunduki ya hewa) nzuri ufanye mazoezi. Kama unapiga umelala au umekaa mezani mita 25, 50 na kuendelea, hapo reli inaanza kulipa. Na kama una baipodi moja tu na stoki yako ina kile kipete cha mkanda chini, baipodi za aina ya Harris zinashika kwenye kipete hicho hicho moja kwa moja, huna haja ya reli hata kidogo. Wengi wanaonipigia wako hapa, wanataka reli kwa sababu wameiona kwa mtu.

4. Na mambo ya leseni? Reli si bunduki, si ndio?

Reli ni chuma tu, haipigi. Lakini silaha Kenya zinaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni zinapita kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na mfuko wowote wa posta ulioandikwa neno bunduki juu yake unaweza kukaa forodhani ukiulizwa maswali. Ushauri wangu ni mmoja: bunduki yenyewe iwe na karatasi zake sawa kwanza, na kabla ya kuagiza kipuri chochote nje uliza kwa maandishi, uhifadhi jibu. Usimwambie muuzaji aandike "vipuri vya baiskeli" kwenye boksi ili kipite, hiyo ndo njia ya kugeuza kipande cha alumini kuwa kesi. Na viziba sauti ni habari nyingine kabisa, usivichanganye na oda ya reli ati kwa kuokoa nauli.

AINA ZAKE

5. Mbona majina ni mengi hivi? Picatinny, Weaver, Arca, UIT, M-LOK...

Kwa sababu kila moja ilizaliwa kwake. Moja jeshini, moja kwa wapiga picha, moja kwa wana-olimpiki, alafu watu wakazichukua zote wakazibandika kwenye bunduki za hewa. Si kwamba moja ni kali kuliko nyingine, ni kama plagi za stima, ile ya pini tatu na ile ya pini mbili zote zinaleta moto, tabu ni pale umeshika plagi moja na soketi ni ya nyingine. Maswali ya 6 mpaka 9 yanaeleza moja moja, uamuzi uko swali la 10.

6. Picatinny na Weaver naona zinafanana, tafauti ni gani?

Zinafanana kwa mbali. Picatinny ni kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-1913, cha 1995. Nafasi za kukatiza zina upana wa milimita 5.23 na kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya nyingine ni milimita 10.01, kila pahali, kila reli. Weaver ni ya zamani zaidi, nafasi zake ni nyembamba, kama milimita 4.57, na umbali baina yao haufuati sheria moja.

Kwa hivyo kifungio cha Weaver mara nyingi kinaingia kwenye reli ya Picatinny, lakini cha Picatinny kina ule mwamba mnene wa chini na hakiingii kwenye Weaver. Ukisikia mtu dukani anakwambia "hizi ni kitu kimoja tu bosi", toa kipimo chako mfukoni umpimie mbele yake.

Picatinny uzuri wake ni kwamba vitu vyake viko vingi na nafasi zinazuia kifungio kuteleza. Ubaya wake chini ya stoki ni zile meno, mkono ukikaa juu yake dakika kumi unahisi umeshika msumeno. Kuna vifuniko vya mpira, viweke.

7. Arca ni nini, na mbona wapigaji wote wa mezani wameihamia?

Arca-Swiss ni kampuni ya kamera iliyoanzia Uswisi. Walitengeneza mkia wa njiwa wa kushika kamera kwenye tripodi, upana wa kama milimita 38, pembeni zimekatwa nyuzi 45. Wapiga bunduki wakaona mbona hiki ni kizuri: hakina meno, unaweza kuteleza baipodi mbele au nyuma popote, unakaza, umemaliza. Picatinny unaruka sentimita moja moja, Arca unasogeza hata milimita mbili. Na reli ikiwa pana namna hiyo bunduki haipindi pindi kulia na kushoto juu ya miguu. Alafu juu ya mfuko wa mchanga inakaa bapa kama mkate wa kumimina kwenye sinia.

Tabu ya Arca ni kwamba hakuna kipimo kimoja rasmi cha dunia nzima. Huyu anakata 38, yule 38.1, mwingine 37.8, na vifungio vya wenzo (vile vya kubana kwa kidole mara moja) havipendi hayo. Kwenye reli moja vinabana kama mamba, kwenye nyingine vinacheza. Kwa hivyo ukiwa unachanganya makampuni chukua kifungio cha skurubu ya kuzungusha, hicho kinakubali tafauti. Kile cha wenzo nunua pamoja na reli yake.

8. Ile njia ya herufi T chini ya bunduki za mashindano inaitwaje?

Hiyo ni reli ya UIT, wengine wanaiita reli ya Anschütz. UIT ni jina la zamani la shirikisho la kimataifa la shabaha ambalo tangu 1998 linaitwa ISSF. Ni mfereji ulioingia ndani ya stoki, kitu kinateleza ndani yake na kinakazwa. Bunduki za mita 10 za Anschütz, Feinwerkbau na wenzao zinakuja nayo.

Kama unayo, usitoboe chochote! Kuna kiunganishi cha UIT kwenda Picatinny na cha UIT kwenda Arca, unateleza, unakaza, na siku ukichoka unatoa stoki ikiwa bikira. N'shaona mtu ametoboa stoki ya walnati ya namna hii ili afunge Picatinny ya bei rahisi, nilitamani kulia.

9. M-LOK na KeyMod?

Hizi si reli, ni matundu. M-LOK ilitolewa na Magpul 2014, ni nafasi ndefu za milimita 32 zinazofuatana kila milimita 40, unafunga kipande cha reli pale tu unapokihitaji. KeyMod ni ya 2012, ina matundu ya umbo la tundu la ufunguo. KeyMod kwa sasa imefifia sana, usinunue stoki mpya kwa ajili yake. Kama chasi yako (stoki ya alumini) ina M-LOK umebahatika, unanunua Arca au Picatinny ya M-LOK na huhitaji fundi. Angalia tu iwe na angalau nati tatu za kushikia, ya mbili ikiwa ndefu itapepea mbele.

10. Basi we nambie tu nichukue ipi.

Haya. Stoki ya mashindano yenye mfereji wa T: baki na UIT na kiunganishi. Chasi ya M-LOK na unapiga umelala au mezani: Arca ya M-LOK. Stoki ya mbao ya kawaida na baipodi moja: Picatinny fupi ya sentimita 8 au 10 inatosha, au kipete tu (swali la 3). Stoki ya mbao na unataka tripodi, mifuko, na kusogeza sogeza: Arca ndefu, lakini soma kwanza swali la 14 lote.

Nikilazimishwa niseme moja kwa mtu mwenye bunduki ya hewa ya mtungi anayepiga mita 50, nasema Arca. Lakini anza na ulicho nacho chini ya stoki na kile unachotaka kufunga, reli ije ya tatu. Watu wanaanza na reli.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

11. Nipime nini hasa?

Vitu vinne, na uviandike kwenye karatasi si kichwani: umbali baina ya matundu au skurubu zilizopo chini ya stoki, katikati mpaka katikati, aina na upana wa skurubu hizo, urefu wa sehemu bapa ya stoki, na nafasi iliyopo baina ya stoki na mtutu au mtungi kwa juu yake, usije ukaweka skurubu ndefu ikatokea upande wa pili.

Nawaambia hivi kwa sababu yalinikuta. Reli yangu ya kwanza niliagiza ya sentimita 35, nikaingoja wiki sita, nikaiendea posta kama bwana harusi. Kufika nyumbani Tudor matundu yangu ni milimita 55, ya reli ni 60. Milimita tano tu. Nikaipanua kwa tupa, ikakaa upande, na mpaka leo iko kwenye droo na betri zilizokufa.

12. Urefu gani?

Kwa baipodi peke yake sentimita 10 mpaka 15. Kwa kupiga juu ya mifuko na kubadilisha pahali pa tripodi sentimita 25 mpaka 35. Isipite mwisho wa stoki kwa mbele ikaning'inia hewani bila kushikwa, maana hapo uzito wa bunduki unaipinda kidogo kidogo kila ukiegemea. Na isifike karibu na kilinda trigaa, vidole vitagongana nayo.

13. Skurubu ziko sawa tu au?

Haziko sawa, na hapa ndo stoki nyingi zimeharibiwa. Vitu vilivyotoka kwa wapiga picha vina uzi wa inchi, robo inchi uzi 20, ambayo ni milimita 6.35. Bunduki ya Ulaya ina M6, M5 au M4. Ile ya robo inchi ukiishika na ya M6 kwa macho ni ndugu mapacha, ukiilazimisha inaingia mizunguko miwili mitatu alafu inakula uzi wote. Ingiza kwa vidole kwanza, isipoingia kwa vidole siyo yake.

Kina nacho: kwenye alumini skurubu iingie ndani mara moja na nusu mpaka mara mbili ya upana wake. M5 basi ipate milimita 7.5 mpaka 10 za uzi. Mizunguko minne haitoshi, itang'oka na alumini yake.

KUFUNGA

14. Nitoboe stoki mwenyewe, nipeleke kwa fundi, au nisitoboe?

Ukiweza kutotoboa usitoboe. Ukilazimika, tafuta fundi mwenye keekee ya kusimama, si ile ya mkono, maana tundu lililoinama nyuzi mbili mbele ya stoki ni reli iliyopinda maisha. Mafundi seremala wazuri tunao, wa milango ya Mji wa Kale wanachonga mbao mpaka unashangaa, na wakerezaji wa vyuma wako Shimanzi na Changamwe, lakini hakuna hata mmoja anayejua ndani ya stoki yako kuna nini, we ndo unajua. Toa chuma chote ndani ya stoki kabla hujaondoka nyumbani, mpelekee stoki tupu, na alama umeshaweka mwenyewe kwa penseli. Kutoa chuma kunamaliza pia maswali ya njiani.

Kwenye mbao usitegemee skurubu ya mbao peke yake. Tia nati ya kuzama kutoka ndani ya stoki au bushi ya shaba nyeupe na gundi ya epoksi, alafu skurubu ya chuma ikae humo. Mbao peke yake inalegea, hasa kwa hewa yetu (swali la 19).

Na sikilizeni hili vizuri: usitoboe, usichomelee, wala usikereze chochote kwenye mtungi au bomba la hewa. Ndani kuna bar 200, 250, mingine 300. Gurudumu la lori kubwa lina kama bar 8. Bomba likikwaruzwa sana kwa keekee au kupashwa moto halitakwambia siku ya kupasuka. Rafiki yangu mmoja aliambiwa na fundi "hapa nakuchomelea kishikio dakika mbili tu", alivyonipigia simu kuniuliza nilimwambia atoke hapo na bunduki yake saa hiyo hiyo.

15. Naona kuna reli za kubana kwenye mtungi wenyewe, bila kutoboa. Hizo je?

Kwa usalama hazina neno kama hazikwaruzi, lakini kwa shabaha sizipendi. Bomba la hewa linajaa na kupungua presha, na linavyojaa linasogea kidogo, si kwa jicho, kwa peleti. Ukiweka uzito wote wa mbele ya bunduki juu yake na bomba hilo limeshikana na mtutu kwa pete, kila presha ikipungua kutoka bar 200 kwenda 120 peleti zinatembea. Ile ya kubana kwenye mtutu ni mbaya zaidi, usiiguse. Reli ishike stoki au chasi basi.

16. Nikaze kiasi gani?

M4 kwenye alumini Nm (kipimo cha ukazo) 2 mpaka 2.5 inatosha. Nati za M-LOK za chuma kwenye chasi ya alumini ni kama Nm 4. Bisibisi ya kupimia ukazo ni ghali kidogo lakini mkiwa watano mnachanga mnanunua moja. Kama huna, shika alenki (ufunguo wa pembe sita) kwa mkono mfupi, vidole viwili, ikikataa acha. Usitie bomba kwenye alenki kuongeza nguvu, hii si nati ya gurudumu la matatu.

Tia tone la gundi ya skurubu ya buluu. Nyekundu usitie, hiyo mpaka moto ndo inatoka, na moto karibu na stoki na mtungi ushajua.

17. Nimefunga, lakini reli inacheza kama meza ya mkahawa.

Chini ya stoki yako ni mviringo na reli ni bapa, inagusa mstari mmoja tu katikati. Usikaze zaidi, utaipasua mbao. Dawa ni kitanda cha epoksi: paka nta reli na skurubu zake mara mbili mbili, weka epoksi nzito kwenye stoki, kalisha reli, kaza kidogo tu, acha siku nzima. Ukiitoa umepata kiti cha umbo lake hasa. Zungushia tepu pembeni kabla, epoksi ikikauka kwenye mbao hutaitoa kwa dua. Na usisahau nta. Ukisahau umefunga reli milele, hongera.

18. Tangu niweke reli peleti zinapiga pahali pengine. Imeharibika?

Yawezekana ni kawaida, umeongeza gramu 200 au 300 mbele na bunduki inakaa tafauti, rekebisha darubini uendelee. Lakini hakikisha kwanza. Chukua noti ya shilingi mia, pitisha baina ya mtutu na stoki kutoka mbele mpaka nyuma, ikikwama kuna skurubu au stoki inagusa mtutu. Alafu piga tano kwenye mfuko laini bila baipodi, na tano na baipodi. Kundi (yale matundu ya peleti kwenye karatasi) likihama lakini limebaki dogo, ni uzito tu. Kundi likifunguka likawa kama sahani, kitu kinatingika: rudi 16 na 17.

CHUMVI, JOTO NA MVUA ZETU

19. Reli ni alumini, si haishiki kutu? Mbona yangu ina unga mweupe?

Alumini haishiki kutu nyekundu lakini chumvi inaila vile vile, na huo unga mweupe ndo kutu yake. Ile rangi nyeusi juu ya reli ni ngozi ya kulinda, ikikwaruzwa hapo ndo chumvi inaingilia. Tabu kubwa iko kwenye skurubu: chuma cha pua na alumini vikikaa pamoja na maji ya chumvi vinafanya kama betri ndogo na anayeliwa ni alumini. Mwaka mmoja Nyali au Bamburi karibu na pwani na skurubu haitoki tena, imeoteana.

Wanaojua dawa yake si wauza bunduki, ni mafundi wa maboti kule Mtwapa. Skurubu za chuma cha pua ziwe daraja A4, ndo za bahari, A2 ni za jikoni. Kila skurubu paka grisi ya maboti au gundi ya buluu, kimoja kati ya hivyo, visichanganywe, lengo ni maji yasipate pahali pa kukaa. Kila miezi mitatu fungua, futa, paka tena. Kipindi cha kusi upepo ukileta chumvi nyumbani, mimi nafanya kila mwezi.

Mbao nazo: mvua za masika stoki inanywa unyevu inafura, kaskazi ikija na jua inanywea, na skurubu uliyoikaza Mei utaikuta imelegea Januari. Angalia ukazo misimu ikibadilika. Na bunduki iliyolala chumba cha kiyoyozi ukiitoa nje ghafla inatoka jasho kama chupa ya soda, iache ndani ya begi nusu saa ipate joto kwanza.

20. Nipulizie WD-40 yote si nitakuwa nimemaliza?

Reli na skurubu zikiwa zimetolewa, pulizia, futa, sawa. Lakini usipulizie karibu na mdomo wa kujazia hewa wala kwenye mtungi. Mafuta ya petroli yakikutana na hewa ya presha kubwa yanaweza kuwaka yenyewe, vile vile injini ya dizeli inavyowasha bila plagi. Sehemu za hewa ni grisi ya silikoni peke yake. Na usipulizie reli ikiwa bado imefungwa kwenye mbao, mafuta yanazama kwenye stoki yanailainisha pale pale skurubu iliposhika.

MASWALI YA PEMBENI

21. Reli ya juu ya MOA 20, niiweke?

Kama unapiga mita 25 mpaka 50 na darubini yako bado ina mizunguko ya kupanda, huihitaji. MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya nyuzi moja, na MOA 20 ni reli iliyoinama inayokuongezea kama sentimita 29 za kupanda kwa mita 50, yaani sentimita 58 kwa mita 100. Bunduki ya futi-pauni 12 peleti yake inaenda pole pole, kama mita 180 kwa sekunde kwa peleti ya .22, inaanguka sana, kwa hivyo ukitaka kufika mbali ndo inaanza kuwa na maana. Ukiiweka bila haja unaweza kukosa kushuka vya kutosha kwa shabaha za karibu. Na kama juu una mkia wa njiwa wa milimita 11 pima pembe zake kabla ya kununua kigeuzi, hazilingani kila bunduki.

22. Yangu ni ya springi ya kuvunja (unakunja mtutu kuikaza). Reli na baipodi vitaisaidia?

Hapana, pole. Springi inarusha bunduki nyuma alafu mbele kabla peleti haijatoka mtutuni, inataka kushikwa kwa ulegevu na kila mara vile vile. Ukiikalisha kwenye miguu migumu inaruka na makundi yanafunguka. Mkono wazi chini ya stoki, au mfuko laini. Nimemwambia hivi kijana mmoja wa Kisauni mara tatu na bado anatafuta reli.

23. Kuna jamaa anachapisha reli kwa printa ya 3D, bei chee.

Uliza plastiki gani. PLA inaanza kulainika kama nyuzi 60, na gari lililofungwa juani hapa linakaribia hapo bila shida. Utaikuta imeinama kama ndizi. Kwa kujaribu kama vipimo vyako vya swali la 11 viko sawa kabla ya kuagiza ya alumini, hapo ni akili nzuri sana, chapisha moja ujaribishie. Kubebea bunduki la.

24. Ile sahani ndefu ya kamera ya Arca, si ni hiyo hiyo na ni rahisi?

Umbo ni lile lile, na kwa bunduki ya hewa isiyo na teke inafanya kazi. Angalia mambo mawili: skurubu ni za inchi (swali la 13), na nyingi ni nyembamba katikati, ukishika kati kwa vidole na kuipinda ikasalimu amri, iache kwa mpiga picha.

25. Mashindanoni inaruhusiwa?

Inategemea mchezo. Mita 10 ya ISSF unasimama, hakuna kuegemea, mkanda haukubaliwi ukiwa umesimama, na bunduki nzima na kila kilichofungwa isipite kilo 5.5. Hapo reli ndefu ni uzito wa bure unaokula hesabu yako, na baipodi huna kazi nayo. Michezo ya mezani ina kanuni zake za upana na umbo la chini ya stoki, kwa hivyo omba kanuni za shindano lenyewe, uende na reli inayotoka kwa alenki moja ili ukikataliwa getini uitoe uingie.

26. Nimepata ya mtumba, nitajuaje ni nzima?

Iweke juu ya kioo cha dirisha au cha meza, ibonyeze pembe moja moja, ikitikisika imepinda. Pitisha kucha ndani ya matundu uone kama uzi umeliwa. Kama ni ya mtu wa pwani fungua skurubu zote mwenyewe kabla ya kutoa pesa, zikikataa kutoka rudi swali la 19 na umrudishie reli yake.